Jua la saa tisa: mbona tarumbeta inapanda na gitaa linashuka?

Besi wa Tabata ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nina swali ambalo limezua ubishi katika bendi ya kwaya yetu, na kwa kuwa humu kuna walimu, mafundi na wapigaji wa siku nyingi, nimeona nililete mbele yenu.

Mazoezi tunayafanyia katika ukumbi wenye kiyoyozi, ambako kipimajoto cha ukutani huonyesha digrii 22. Tuna magitaa mawili ya nyuzi za chuma, gitaa la besi, tarumbeta mbili, saksafoni, filimbi ya chuma na kinanda cha umeme. Vyombo vyote huoanishwa na kinanda kabla hatujaanza, na humo ndani sauti hukaa pamoja bila matatizo. Shida huanza tunapoalikwa kupiga nje, hasa msimu huu wa kaskazi, ambapo saa tisa alasiri hata kivulini joto hufika digrii 32. Tukishapiga nyimbo mbili tatu, wapulizaji wote wanakuwa juu ya kinanda, magitaa yanakuwa chini yake, na kinanda chenyewe kimebaki palepale. Nimepima kwa programu ya simu na hali ni hiyo hiyo: tarumbeta imepanda, nyuzi za gitaa zimeshuka, na la ajabu zaidi, uzi wa pili umeshuka kuliko uzi wa kwanza.

Mpiga tarumbeta wetu anashikilia kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa sababu shaba ikipata joto hurefuka, na kila mtu anajua kuwa bomba refu hutoa sauti ya chini. Mpiga gitaa naye anadai kosa ni la nyuzi za bei rahisi tulizonunua Kariakoo. Naomba maelezo ya kifizikia: inakuwaje joto lile lile lipandishe sauti ya chombo kimoja na kushusha ya kingine, na uzi wa pili una nini?

Chaki ya Kigamboni amejibu:

Ndugu Besi, ninafundisha fizikia sekondari, na swali lako ni zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya mitihani. Simu yako imesema kweli, na nyuzi za Kariakoo hazina hatia.

Nianze na tarumbeta. Ni kweli kwamba shaba hurefuka, lakini hebu tuone hurefuka kiasi gani. Bomba la tarumbeta ya kawaida, ile ya noti ya si bemoli (B♭), likinyooshwa lina urefu wa karibu sentimita 148. Kwa kila digrii moja ya joto, shaba hiyo hurefuka kwa sehemu 19 katika milioni, kwa hiyo digrii 10 zinaongeza takriban milimita 0.28 katika bomba zima. Hiyo ni asilimia 0.02 hivi. Wanamuziki hugawa nusu toni moja (hatua kati ya noti mbili zinazofuatana kwenye kinanda) katika sehemu 100 zinazoitwa senti, na badiliko hilo la urefu halifiki hata nusu senti. Hakuna sikio litakaloligundua.

Kinachotoa sauti humo ndani si shaba bali ni hewa. Shaba ni ukuta tu wa kuifungia. Mpulizaji anapotetemesha midomo, msukumo wa hewa husafiri hadi kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, sehemu yake hutoka nje na sehemu kubwa hurudi ndani, ikafika midomoni na kuisukuma ifunguke tena kwa wakati wake. Midomo na hewa vikishapatana namna hiyo, idadi ya mitetemo kwa sekunde inaamuliwa na muda ambao msukumo huo hutumia kwenda na kurudi. Muda huo unategemea mambo mawili: urefu wa njia, na kasi ya sauti katika hewa iliyomo. Urefu tumeshaona kuwa haukubadilika kwa maana yoyote. Kasi ndiyo iliyobadilika.

Katika hewa yenye joto molekuli hukimbia zaidi, na kwa kuwa ndizo zinazopokezana msukumo, sauti nayo husafiri haraka zaidi. Kanuni yake ni kwamba kasi ya sauti huenda na kipeuo cha pili cha joto linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi, yaani unaongeza 273 kwenye digrii za Selsiasi. Ukumbini mna 295, nje kuna 305. Kasi inatoka mita 344 kwa sekunde hadi mita 350 kwa sekunde, sawa na ongezeko la asilimia 1.7. Asilimia 1.7 kwa lugha ya wanamuziki ni senti 29: noti ya la iliyokuwa na mitetemo 440 kwa sekunde inataka kuwa 447. Linganisha na ile nusu senti ya shaba na utaona kwa nini hoja ya mwenzenu, ingawa msingi wake ni sahihi, haina uzito hapa. Msinielewe vibaya, simcheki. Ni hoja ambayo wanafunzi wangu huitoa kila mwaka, na huwa nafurahi wakiitoa.

Kwa vitendo mtapata pungufu ya senti 29. Pumzi ya mpulizaji hutoka kifuani ikiwa na joto lake lile lile, awe ukumbini au juani, kwa hiyo hewa iliyo karibu na midomo haibadiliki sana. Inayobadilika zaidi ni ile ya upande wa mwisho wa bomba.

Sasa gitaa. Hapa wengi hujikwaa, kwa sababu wakishasikia kwamba sauti husafiri haraka katika hewa ya joto, wanatarajia gitaa nalo lipande. Halipandi, kwani mitetemo ya uzi haitokani na hewa. Uzi hujiamulia wenyewe idadi ya mitetemo kwa urefu wake, mkazo wake na uzito wake kwa kila mita, kisha ubao wa mbele wa gitaa hupokea mitetemo hiyo na kuikabidhi kwa hewa ilivyo. Hewa ikiwa na kasi zaidi, mawimbi yanayosafiri huwa marefu kidogo, lakini idadi yake kwa sekunde ni ile iliyotoka kwenye uzi.

Sheria za nyuzi ziliandikwa na Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1636, na kabla yake Vincenzo Galilei, mpiga luti wa Italia na baba wa yule Galileo mwanafizikia, alikwisha kuona kwamba ili uzi upande oktavu moja, yaani mitetemo yake iwe maradufu, mkazo wake sharti uongezwe mara nne, si mara mbili. Maana yake ni kwamba mitetemo hufuata kipeuo cha pili cha mkazo. Shika hilo, tutalitumia sasa hivi.

Uzi wa kwanza wa gitaa la chuma, ule mwembamba wa noti ya mi, una urefu wa karibu sentimita 65 kati ya ncha zake mbili. Ili utoe mitetemo 330 kwa sekunde, umevutwa hadi ukarefuka kwa takriban milimita 4.6 kuliko ungekuwa umelegea. Milimita hizo 4.6 ndizo mkazo wenyewe. Joto likipanda kwa digrii 10, chuma hicho kinajirefusha chenyewe kwa milimita 0.08 hivi, na kwa kuwa ncha zimefungwa palepale, milimita hizo zinatolewa kwenye zile 4.6. Umepoteza asilimia 1.7 ya mkazo, na kwa ile sheria ya kipeuo cha pili mitetemo inapungua kwa nusu ya hapo, karibu asilimia 0.85. Ni senti 15 kwenda chini.

Uzi wa pili, ule wa noti ya si, una mitetemo 247 tu kwa urefu ule ule. Chuma ni kile kile, kwa hiyo umevutwa kidogo zaidi ya nusu ya kiasi cha mwenzake: milimita 2.6. Lakini joto linapokuja linaurefusha kwa milimita 0.08 zile zile. Mwenye 4.6 akitozwa 0.08 haumii kama mwenye 2.6; uzi wa pili unapoteza asilimia 3 ya mkazo na kushuka kwa senti 26. Ndiyo siri ya uzi wako wa pili. Unene wa uzi hauingii katika hesabu hii hata kidogo, wala bei yake.

Namba hizi ni za uzi peke yake. Shingo ya gitaa nayo hupata joto, na mbao kwa upande wa urefu wake hutanuka kwa karibu theluthi ya chuma, hivyo shingo ikishachemka itarudisha sehemu ya mkazo uliopotea. Ila uzi hupata joto kwa sekunde chache, hata la vidole vya mpigaji, na shingo huchukua muda mrefu.

Tarumbeta la Mtaani amejibu:

Shikamoo mwalimu, na asante kwa darasa. Mimi napiga matarumbeta ya harusi, tunapanda nyuma ya pikapu kuanzia Mbagala hadi Sinza jua likiwa utosini, kwa hiyo mambo unayoyasema nayaishi, ila kwetu hakuna gitaa wala kinanda cha kutusuta. Tukipanda tunapanda wote na hakuna anayejua isipokuwa Mungu na wapiga ngoma.

Nina maswali mawili. La kwanza, wazee wetu husema hewa ya Pwani ni nzito kwa sababu ya unyevu, na kwamba ukienda Arusha tarumbeta huwa nyepesi. Je, unyevu unashusha sauti? La pili ni la kazi: nikikutana na kinanda, nivute bomba langu la kuoanishia kiasi gani ili nizirudishe hizo senti 29? Nikimsaidia mwenzangu wa filimbi, avute kiasi hicho hicho?

Chaki ya Kigamboni amejibu:

Marahaba, ndugu yangu. Hewa yenye unyevu tunaihisi nzito mwilini kwa sababu jasho halikauki, lakini kwenye mizani ni nyepesi kuliko hewa kavu, kwa kuwa molekuli ya maji ni nyepesi kuliko zile za naitrojeni na oksijeni inazozichukulia nafasi. Kwa hiyo unyevu huongeza kasi ya sauti badala ya kuipunguza, ingawa kwa kiasi kidogo: kwenye digrii 30, tofauti kati ya hewa kavu kabisa na hewa iliyojaa mvuke haifiki asilimia 1. Mwinuko wa Arusha nao haubadilishi kitu wenyewe. Kule hewa ni hafifu, mgandamizo wake umepungua, lakini na uzito wake umepungua kwa uwiano ule ule, na hivyo viwili vinafutana. Arusha ya digrii 25 na Dar es Salaam ya digrii 25 zina kasi moja ya sauti. Kinachokushusha ukifika huko ni baridi.

Kuhusu kuvuta, unahitaji bomba lirefuke kwa asilimia 1.7, yaani sentimita 2.5. Bomba la kuoanishia lina miguu miwili, kwa hiyo ukilitoa kwa sentimita moja na robo njia ya hewa inakuwa imeongezeka mara mbili ya hapo. Anza na pungufu kidogo, kwa sababu ya ile pumzi niliyoitaja, kisha usikilize.

Filimbi ni kesi nyingine, mwambie mwenzako awe mwangalifu. Akifunga matundu yote kwa noti ya chini kabisa, njia yake ya hewa ni kama sentimita 66, na asilimia 1.7 yake ni sentimita 1.1. Lakini akifungua matundu hadi njia ibaki nusu, ile sentimita 1.1 aliyoivuta haipungui. Sasa ni zaidi ya asilimia 3, na noti hiyo itashuka mara mbili ya ilivyotakiwa. Joto hupandisha noti zote kwa uwiano mmoja, ilhali kuvuta bomba huongeza kiasi kimoja kwa zote. Haviwezi kufutana sawasawa. Ndiyo maana mpiga filimbi mzuri huvuta kidogo na kumalizia kwa midomo.

Ganuni na Nai amejibu:

Assalaam alaykum. Sisi wa taarabu asilia tumezoea kupiga nje usiku, na huko tatizo linakuja kwa sura tofauti. Mpiga nai wetu hubeba nai kadhaa za urefu mbalimbali, kila moja kwa maqamu yake (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu), na kwa kuwa mrija wa tete hauna pa kuvuta, hurekebisha kwa kuinamisha kichwa tu. Hilo mwalimu amelieleza. Langu ni ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa. Nyuzi zake hufika 78, tatu tatu kwa kila noti, na upande wa kulia ubao wa kushikilia nyuzi umesimama juu ya ngozi. Usiku wa unyevu mwingi nyuzi zote hushuka pamoja, hata kama hakuna joto. Halafu kuna ngoma: tangu zama za mababu ngoma zikilegea hukanzwa motoni zikapanda. Kama joto hulegeza uzi, mbona linakaza ngozi? Pia nimeona klarineti na filimbi zina urefu unaokaribiana kabisa, lakini klarineti hushuka chini karibu oktavu nzima. Je, hiyo nayo hupanda kwa joto namna moja?

Chaki ya Kigamboni amejibu:

Waalaykum salaam. Katika ngoma, moto haufanyi kazi kwa joto lake bali kwa kukausha. Ngozi hunywa unyevu wa hewa, ikilowa hutanuka na kulegea, ikikauka hujikunyata na kujikaza. Ganuni yako inaugua ugonjwa wa ngoma: ngozi ikilegea, ule ubao unazama kidogo, umbali na mkazo wa nyuzi vinapungua, na kwa kuwa zote zimesimama juu ya ngozi hiyo, zinashuka kwa pamoja. Zeze la Wagogo, lenye kibuyu kilichowambwa ngozi, lina tabia hiyo hiyo. Msikanze ganuni motoni, tafadhali.

Kuhusu klarineti, chukua bomba la plastiki la maji la nusu inchi, likate kiasi cha sentimita 30, upulize ukingoni mwake kama unavyopuliza nai. Sikiliza noti. Sasa ziba upande wa chini kwa kiganja na upulize tena: noti itashuka karibu oktavu nzima, na bomba ni lile lile. Ncha iliyo wazi huurudisha msukumo ukiwa umegeuzwa, mgandamizo unarudi ukiwa upungufu. Ncha iliyozibwa huurudisha ulivyo. Katika bomba lililo wazi kote mzunguko mmoja hukamilika kwa safari mbili za urefu wake, na katika lililozibwa upande mmoja unahitaji safari nne. Filimbi iko wazi pande zote mbili, kwani hata tundu la kupulizia ni mlango wazi. Klarineti, upande wa mdomo wenye tete (kijiti chembamba kinachotetemeka), hufanya kazi kama iliyozibwa. Hiyo ndiyo sababu mpiga klarineti akipandisha sauti kwa nguvu ya pumzi harukii oktavu kama wenzake, anarukia oktavu na kisha noti ya tano juu yake. Saksafoni na zumari nazo zina tete, lakini mabomba yake hupanuka kuelekea mwisho, na umbo hilo la koni huzirudishia oktavu yake.

Kwa joto, hata hivyo, safari ziwe mbili au nne, kasi ikiongezeka kwa asilimia 1.7 zote zinaharakishwa kwa asilimia 1.7. Klarineti hupanda kama filimbi.

Fundi Mitambo Ilala amejibu:

Mimi ni mtu wa spika na mikseta, fizikia yangu ni ya kusikiliza. Ndugu Besi, bendi nyingi ninazozihudumia hapa mjini hufanya jambo moja ambalo ningeomba mliache: kuoanisha vyombo chumbani kwenye kiyoyozi, kisha kutoka moja kwa moja kwenda jukwaani. Vitoeni vyombo nje mapema, viwekwe kivulini na si juani, wapulizaji wapulize mpaka mabomba yapate joto lake, ndipo muoanishe. Gitaa likiachwa dakika ishirini, ile shingo aliyoisema mwalimu itakuwa imeshafuata hali ya nje.

Watu wa zamani walilijua jambo hili. Mwaka 1859 Ufaransa ilipoweka kwa sheria kiwango cha noti ya la kuwa mitetemo 435 kwa sekunde, ilitaja na joto la kupimia: digrii 15. Kiwango cha 440 tunachokitumia leo kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1939, na vinanda vyetu vya umeme vimetengenezwa kwa hicho, viwe kwenye barafu au kwenye jua la Februari.

Swali la kweli ni nani amfuate nani. Kwa maoni yangu, kinanda kiwafuate wapulizaji. Mwenye tarumbeta anaweza kuvuta, sawa, lakini mmeona filimbi inavyoteseka, na saksafoni ina shida hiyo hiyo. Magitaa yanakazwa kwa sekunde kumi. Vinanda vingi vya umeme vina sehemu ya kurekebisha sauti yote kwa pamoja. Mpeni mpulizaji noti ndefu ya la akiwa ameshachemka, msome kwenye simu, na mkipata 444 au 446 mwekeni mwenye kinanda hapo hapo. Jambo moja husahauliwa kila mara: programu za simu nazo huja zikiwa zimewekwa 440. Kama hamkubadilisha namba hiyo kwenye simu za wapiga gitaa iwe sawa na ya kinanda, watajioanisha kwa uaminifu mkubwa na 440, na mtarudi kulaumu nyuzi za Kariakoo.